Irabu zetu nazo zina haki ya kiti katika tarakilishi

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti uliopita, nilivuka feri ya Likoni nikashika barabara ya kusini hadi Msambweni kumjulia hali mjomba wangu. Tulipokwisha kuamkiana na kunywa kahawa, mzee aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne na kutiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mpwangu, wewe ni mwalimu," aliniambia. "Nisomee neno hili moja tu. Mengine yote nayajua."

Ilikuwa barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwandishi wake alikuwa Vanga, na mwandikiwa, ambaye ni babu yake mjomba, alikuwa hapo hapo Msambweni. Barua inataja rupia, kwa hiyo yamkini iliandikwa kabla ya mwaka 1920, rupia ilipoondolewa katika nchi hii, au muda mfupi baadaye, maana wazee waliendelea kuhesabu kwa rupia hata pesa zilipobadilika. Baada ya salamu ndefu za watu wa zamani, mwandishi anasema kwamba alimtuma kijana wake kwa mwandikiwa, kisha linafuata neno lenyewe, kisha rupia 40, "kwa ajili ya minazi ile".

Neno hilo laweza kusomwa "kukopa". Laweza pia kusomwa "kukupa".

Msomaji na aipime tofauti hiyo. Ikiwa kijana alitumwa kukopa rupia 40, basi bwana wa Vanga aliiweka minazi yake rehani kwa babu yake mjomba, na kama deni halikulipwa, minazi ni ya watu wa Msambweni. Ikiwa kijana alitumwa kukupa, yaani kumpa mwandikiwa rupia hizo, basi bwana wa Vanga aliinunua minazi kwa fedha taslimu, na wajukuu wake wana haki ya kuidai. Minazi yenyewe imekwisha kuzeeka na mingi imeanguka. Lakini ardhi iliyo chini yake haikuanguka, na kila ajuaye thamani ya kiwanja kilicho karibu na bahari kati ya Diani na Msambweni ataelewa kwa nini jamaa wa damu moja hawajaalikana katika arusi kwa miaka 3.

Nilimwambia mjomba ukweli, nao haukumfurahisha. Neno lile, kama lilivyoandikwa, halisemi. Katika mwandiko wa kale wa Kiswahili, irabu ya juu iitwayo dhumma ilibeba kazi mbili, ya u na ya o. Vivyo hivyo kasra ya chini ilibeba i na e. Mwandishi wa Vanga alitia dhumma juu ya kafu zote mbili, akaongeza wau kuonyesha silabi inayovutwa, akamaliza. Kwake yeye hapakuwa na utata wowote, kwani alijua alichomtuma kijana. Na mwandikiwa naye alijua alichopokea au alichotoa. Sisi tuliozaliwa nyuma ndio tuliobaki na karatasi bila ya kumbukumbu.

Lakini si utata huo wa kale ulioniketisha kuandika makala haya. Utata huo ni wa halali. Ni tabia ya hati, kama vile kunyamaza ni tabia ya baadhi ya mashahidi. Lililonishtua ni lile lililofanyika kwa barua hiyo mwaka huu. Wazee wa baraza walipotaka nakala iliyopigwa chapa, mjukuu wa mjomba aliipeleka karatasi kwenye duka moja la kupiga chapa. Alirudi na kurasa mbili. Ya kwanza ilikuwa jaribio la kuinakili barua kwa herufi zake za asili. Herufi zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake, nazo zikienda kutoka kushoto kwenda kulia. Badala ya irabu palikuwa na vijisanduku vitupu na viduara vya nukta nukta, mithili ya dagaa waliomwagika tengani. Ukurasa wa pili ulikuwa na herufi za Kirumi, safi, zenye kusomeka, na katika mstari wa sita palikuwa pameandikwa wazi: kukopa.

Hapo ndipo jamaa wa Vanga walipokuja juu. Nani aliyetia o hiyo? Je, ni mpiga chapa? Ni mjukuu? Mimi nimezungumza na kijana huyo, na sioni kwamba alikusudia hila. Mashine ilikataa kuandika kile kilichoandikwa, ikamlazimisha achague, naye akachagua lile alilolisikia nyumbani kwao tangu utotoni. Chombo kisichoweza kuhifadhi shaka huigeuza shaka kuwa hukumu.

Ndugu msomaji, huenda ukasema kwamba hili ni jambo la wazee wawili na minazi yao. Kwa hiyo na tutoke nje ya Kwale kidogo, twende Uhabeshi, ambako jambo kama hili limepiganiwa kwa miaka mingi.

Maandishi ya Kigeez, yanayotumika kwa Kiamhari na Kitigrinya, yana mpango tofauti na wa Kiarabu. Huko irabu haikai juu ya herufi kama ndege juu ya tawi. Imeshonwa ndani ya herufi yenyewe. Herufi moja ya konsonanti ina maumbo 7, kila umbo na irabu yake, kwa hiyo mwanafunzi wa Addis Ababa hujifunza maumbo zaidi ya 200 pale ambapo wetu hujifunza 26. Kwa upande wa irabu, basi, Wahabeshi hawana shida ya kukopa na kukupa. Shida yao iko pengine. Katika Kiamhari konsonanti ikikazwa maana hubadilika, na mwandiko wa kawaida hauonyeshi mkazo huo. Neno moja la herufi mbili husomwa "ale", maana yake "alisema", au "alle", maana yake "yupo". Mwenyeji huamua kwa kutazama sentensi. Mtoto anayeanza kusoma, mgeni, na mtunga kamusi hawana msaada huo, na kwa ajili yao walimu wa Uhabeshi wana alama ndogo ya nukta mbili ambayo huwekwa juu ya herufi iliyokazwa.

Sasa, tarakilishi haijui herufi. Inajua nambari. Kila herufi unayoiona katika kioo cha mashine ni nambari iliyovishwa nguo, na nguo hiyo ndiyo iitwayo fonti. Zamani kila kampuni ilijipangia nambari zake. Barua iliyopigwa kwa programu ya huyu ilikuwa takataka katika mashine ya yule, na Wahabeshi waliteseka sana na hali hiyo. Mwaka 1991 lilitolewa toleo la kwanza la Yunikodi, daftari moja la dunia nzima ambamo kila herufi ya kila lugha hupewa nambari yake isiyobadilika. Maumbo ya Kigeez, zaidi ya 300, yaliingizwa katika daftari hilo mwaka 1999. Lakini ile alama ya nukta mbili ya mkazo haikuingia pamoja nayo. Ilingoja hadi mwaka 2005. Na alama mbili nyingine, za kuonyesha irabu iliyorefushwa, zinazohitajiwa na Wabasketo wa kusini-magharibi mwa Uhabeshi, zilingoja hadi mwaka 2010.

Kwa nini kijialama cha nukta mbili kicheleweshwe hivyo? Kwa sababu alama za namna hii zina tabia ya pekee. Herufi ina kiti chake katika mstari. Alama ya juu au ya chini haina kiti. Hukaa juu ya mgongo wa herufi iliyoitangulia. Katika mashine huandikwa kwanza nambari ya herufi, kisha nambari ya alama, na fonti ndiyo inayopaswa kujua jinsi ya kumpandisha huyu juu ya yule. Fonti isiyojua huiacha alama ikielea pembeni, au huchora kile kiduara cha nukta nukta tulichokiona Msambweni, ambacho maana yake ni: hapa pana abiria asiyekuwa na gari. Isitoshe, walinzi wa daftari hawapokei alama kwa hisani. Huuliza: imetumika wapi, na nani, katika kitabu gani? Tuonyesheni kurasa. Wenye lugha wasipokwenda na kurasa zao, hapana atakayewaendea.

Na hata wakipokewa, hupokewa kwa namna isiyowatosheleza. Waimbaji wa Kanisa la Uhabeshi wana alama za kupandisha na kushusha sauti, ambazo huziandika kwa herufi ndogo juu ya maneno ya nyimbo. Alama 10 kati ya hizo ziliingizwa mwaka 2005. Lakini ziliingizwa kama herufi za kujitegemea, zenye viti vyao katika mstari, si kama abiria wa juu. Zimo daftarini, ila kuziweka mahali pake juu ya neno ni kazi nyingine kabisa.

Turudi pwani. Kwa bahati njema, sisi hatuanzi patupu. Herufi za Kiarabu zimo katika Yunikodi tangu matoleo ya mwanzo, na kwa sababu ya Wairani na Wapakistani na wengineo, herufi tunazozihitaji kwa sauti zetu zimo pia: pe yenye nukta 3 chini, che yenye nukta 3 tumboni, ve yenye nukta 3 juu ya fe. Irabu za kawaida zimo. Hata alama zinazofaa kwa e na o zimo: alifu ndogo inayokaa chini ya herufi, na dhumma iliyopinduliwa, ambazo zote mbili zilitiwa daftarini mwaka 2003. Bwana Kevin Donnelly ametunga programu iitwayo Andika, inayogeuza Kiswahili cha herufi za Kirumi kuwa cha herufi za Kiarabu na kukirudisha, naye aliitoa bure. Kabla yake, mwaka 1997, marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo kamili ya kuusawazisha mwandiko huu ili kila sauti ya Kiswahili ipate alama yake.

Kwa hiyo daftari halina lawama kubwa. Lawama ni ya mambo mawili yaliyo karibu nasi zaidi.

La kwanza ni kibodi. Mwalimu wa madrasa ya Tiwi au Ukunda akitaka kuandika Kiswahili cha herufi za Kiarabu katika simu yake, kibodi ya Kiarabu haimwonyeshi pe wala che waziwazi. Hukimbilia kibodi ya Kifarsi au ya Kiurdu. Huko anazipata, lakini bila kujua anapata pia kafu na ye za Kifarsi, ambazo katika daftari zina nambari tofauti na za Kiarabu ijapokuwa mwanzoni mwa neno zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Akiandika neno "kitabu" leo kwa kibodi hii na kesho kwa ile, jicho litaona neno moja, mashine itaona mawili. Atatafuta katika maandishi yake mwenyewe asipate.

Wala asidhani msomaji wa Kiambu au Machakos kwamba haya hayamhusu. Ile i na ile u zenye kiwimbi juu, zinazotumika katika Kikikuyu na Kikamba, zaweza kuandikwa katika mashine kwa njia mbili: kama herufi moja iliyokamilika yenye nambari yake, au kama i tupu ikifuatwa na kiwimbi abiria. Kuna kanuni ya kuzisawazisha, na programu nzuri huifuata, lakini si programu zote ni nzuri. Wengi wetu tumelimaliza tatizo kwa kukiacha kiwimbi kabisa. Wadigo, kwa upande wao, walifanya jambo la busara walipoandika sauti zao kwa kuunganisha herufi za kawaida. Katika kamusi ya Mgombato iliyotolewa mwaka 2004, "kipya" ni "chiphya" na "kuja" ni "kpwedza", na hapana kibodi duniani itakayoyashindwa. Mimi nawapongeza, ingawa toni ya Chidigo bado imebaki nje ya maandishi ya kila siku.

La pili ni gumu zaidi, na hapa najua baadhi ya masheikh na maprofesa hawatakubaliana nami. Tunapozungumza juu ya kuutia mwandiko wetu katika tarakilishi, tunachanganya kazi mbili. Kazi moja ni kuandika upya: kumfundisha mtoto, kutunga shairi la leo, kuchapisha gazeti la madrasa. Kwa kazi hiyo nataka alama za e na o, nazitaka zote, na nataka tukubaliane juu ya umbo moja badala ya kila mwalimu kuwa na lake. Kazi ya pili ni kunakili yaliyoandikwa na waliotutangulia. Kwa kazi hiyo alama mpya ni haramu. Mwandishi wa Vanga hakuandika o wala u; aliandika dhumma. Mwenye kuinakili barua yake kwa dhumma iliyopinduliwa amemtilia neno kinywani, sawasawa na kijana wetu aliyelitia kwa Kirumi. Tafsiri na iwekwe pembeni, kwa jina la aliyeifasiri. Matini na ibaki kimya pale ilipokuwa kimya.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari katika Kwale, aliniuliza kwa nini tujitie tabuni ilhali Kiswahili kina herufi za Kirumi zinazokitosha. Nilimjibu kwanza kwamba hazikitoshi kama anavyodhani. Mmvita na Mvumba hutofautisha kwa pumzi paa la nyumba na paa wa mwituni, na tahajia sanifu imeyazika yote mawili katika kaburi moja. Pili, herufi za Kirumi hazikuwa za kwetu tangu azali. Barua za Kiswahili zilizohifadhiwa Goa, za kati ya mwaka 1711 na 1729, ni za herufi za Kiarabu. Na miongoni mwa watu wa mwanzo waliopigania Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi ni Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. La ajabu ni kwamba Krapf alitokea Uhabeshi, ambako alikuwa amezoeana na Kigeez na Kiamhari na hakuwaomba Wahabeshi waache herufi zao! Na mwaka 1854 ni yeye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi zile zile za Kiarabu alizozikataa.

Lakini jibu langu la tatu ndilo lililomnyamazisha rafiki yangu. Nilimwomba ahesabu nyumba anazozijua, kutoka Waa hadi Vanga na kuvuka hadi Wasini, ambazo zina karatasi kama ile ya mjomba. Wakfu, mahari, talaka, mauzo, rehani. Ilipopitishwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa pwani walete madai yao, karatasi za namna hii ndizo wengi walizokuwa nazo mkononi. Nyingi bado zimo masandukuni, zikiliwa na mchwa na chumvi. Wasomi wametazama zaidi tenzi. Chuo cha SOAS cha London kimeorodhesha miswada yake ya Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichapishiwa orodha ya miswada yake mwaka 1970. Hayo ni mema. Ila barua ya rupia 40 si utenzi, na hakuna profesa atakayeifuata Msambweni.

Anayeweza kuifuata ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye simu, akiongozwa na walimu wawili: wa shule, anayejua mashine, na wa madrasa, anayejua mwandiko. Picha ipigwe kwanza, mchana, karatasi ikiwa imelazwa. Kisha inakiliwe herufi kwa herufi kwa kibodi moja iliyokubaliwa katika kata nzima, irabu kama zilivyo, pasipo kuongeza. Kisha, katika ukurasa mwingine, isomwe kwa Kirumi, na pale penye kusomeka mara mbili paandikwe masomo yote mawili. Kenya imeandika katika Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 7, kwamba Serikali itakuza na kulinda lugha za wananchi wake. Sijui kama kibodi ni ghali mno kwa ahadi kubwa kiasi hicho.

Kwa mjomba tulifanya hivyo hivyo, mimi na yule mjukuu na maalim mmoja wa hapo Msambweni. Ilituchukua siku mbili, nusu ya muda huo tukigombana na kafu. Nakala tuliyoipeleka barazani ina dhumma zake zote, na chini yake, kwa Kirumi, mstari wa sita unasema: "kukopa au kukupa". Mjomba aliutazama kwa muda mrefu. Alisema kwamba kwa nakala ile hatashinda. Nilimwambia kwamba jamaa wa Vanga nao hawatashinda kwayo. Akakaa kimya, kisha akamwita mjukuu wake, akamtuma Vanga na nakala ya pili. Safari hii alimwambia waziwazi, mbele yetu sote, kwamba anakwenda kutoa wala si kuomba.